Nyumba Juu ya Nyumba, Hebden Bridge

SWALI: Tunaishi Leeds, Uingereza, na tunataka kununua nyumba Hebden Bridge, mji mdogo wa bondeni. Dalali ametuonyesha ya mawe, orofa mbili, lakini chini yake kuna nyumba ya watu wengine, mlango wao uko mtaa wa chini. Kwa nini walijenga hivi, na tuangalie nini?
Msomaji, Leeds

JIBU: Ndugu msomaji, ni bonde ndilo lililolazimisha. Zamani wafumaji waliishi juu mlimani, kijiji cha Heptonstall, wakifuma kwa mikono majumbani. Viwanda vya mvuke vikashuka chini kufuata mfereji wa mashua wa Rochdale na reli, vikameza karibu ardhi yote tambarare. Wafanyakazi wakabakiwa na mteremko. Mwishoni mwa karne ya 19 mafundi wakapandisha orofa nne: mbili za chini zikitazama bondeni, mbili za juu zikiwa na mlango upande wa mlimani. Kodrai, kitambaa chenye mistari iliyoinuka, na vitambaa vingine vizito vya pamba ndivyo vilivyoulisha mji huo, na weusi ulioganda kwenye mawe ni masizi ya makaa ya enzi hizo. Msiyasugue kwa mashine ya kupuliza mchanga. Uso wa jiwe huchubuka.

Anzeni na hati. Nyumba yenu imekaa juu ya mali ya mtu mwingine, na baadhi ya benki husita kuikopeshea. Mwanasheria athibitishe imeandikwa nani anatengeneza paa, nani kuta na msingi, na kwamba mna ruhusa ya kuingia kwa jirani kufanya matengenezo.

Kisha tazameni viungo vya mawe. Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa. Aliyeziba kwa saruji amefungia unyevu ndani: baridi ikija maji yanaganda, jiwe linabanduka tabaka kwa tabaka. Saruji ing'olewe kwa patasi, kina cha sentimita 2 hadi 2.5, kizibwe kwa chokaa ya haidroliki, yaani ile inayokuwa ngumu ikichanganywa na maji, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 2.5 hadi 3. Chini ya nyuzi 5 za Selsiasi kazi isimame.

SWALI: Na ile ya chini ikiuzwa rahisi?

JIBU: Ukuta wake wa nyuma umeegemea udongo, kwa hiyo madirisha yapo upande mmoja tu. Fungueni makabati ya nyuma, mguse ukuta; rangi mpya huko itiliwe shaka. Mafuriko ya tarehe 26 Desemba 2015 yaliujaza mji katikati, lakini hata mteremkoni maji ya mvua hushuka kutoka mlimani. Angalieni ramani ya serikali ya hatari ya mafuriko kwa namba ya posta, mpate na bei ya bima kabla ya kutaja bei yenu.