Nilivyojifunza kupiga picha kwa uma, glasi na dirisha moja

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia hivi: "Dada, shikamoo. Napenda sana picha zako, lakini mimi nashinda ndani na mtoto mchanga, nina simu tu, na hapa nyumbani hakuna kitu cha kupiga. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa mistari miwili, nikalala. Saa nane usiku nikazinduka. Yale maneno "hakuna kitu cha kupiga" yalikuwa yananizunguka kichwani, maana niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, tena kwa machozi. Mistari miwili haitoshi. Jibu lake ni hili, na ni lako pia wewe unayesoma, kwa kuwa najua unachokitaka: unataka kupiga picha itakayomsimamisha mtu, na kuna kitu kimekukwamisha.

Nianze na furaha yangu. Mwezi uliopita picha yangu ilitundikwa kwenye maonyesho ya pamoja ya wapiga picha 12. Wenzangu walileta milima, mawimbi, nyuso za wazee, ndege aliyenaswa akiwa hewani. Mimi nilileta uma na kivuli chake. Nilisimama kwenye kona jioni nzima nikiangalia watu wanavyopita. Mama mmoja alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo cha fremu, akamuuliza mwenzake, "Hiki ni nini? Ngazi?" Mwenzake akasema, "Ni uma." "Uma gani huo? Hebu angalia vizuri." Wakabishana, wakaondoka, wakarudi tena. Nimewahi kulipwa kwa picha na nimewahi kusifiwa kwa picha, lakini ubishi ule ndio ninaoutunza.

Sasa nikurudishe nyuma miaka minne. Nilikuwa msaidizi kwenye studio moja. Nilibeba taa, nilikunja nyaya, nilifuta lenzi. Kamera niliyokuwa nikijifunzia ilikuwa mali ya studio. Siku moja mkuu wangu alichelewa, familia moja ikawa imeshafika, nikaambiwa niwapige. Niliwapanga mbele ya dirisha kubwa kwa sababu niliona dirisha ni zuri. Picha zilitoka dirisha linang'aa na nyuso nyeusi tii. Leo najua kilichotokea: kamera iliuona ule mwanga mkali wa nyuma, ikadhani chumba kizima kina mwanga wa kutosha, ikapunguza, na watu wakazama gizani. Ningewageuza tu walitazame dirisha, ningekuwa nimemaliza kazi. Sikujua. Mkuu wangu alizifungua zile picha kwenye kompyuta mbele ya wafanyakazi wote, wateja wawili wakiwa wameketi pale pale, akasema, "Binti, wewe huna jicho. Kuna watu wa kupiga picha na kuna watu wa kubeba taa." Wiki ileile nikaiacha kamera yao mezani na kuondoka.

Watu huniambia nisamehe na nisahau. Kusamehe nimesamehe. Ile sentensi, hata hivyo, naijua kwa moyo, pamoja na sauti aliyoitumia.

Nikakaa nyumbani. Kwa miezi mitatu sikupiga hata picha moja, na kila aliyeniuliza nilimpa jibu lilelile: sina kamera, na hapa nyumbani hakuna kitu cha kupiga. Kisha ikafika jioni moja, kama saa kumi na nusu. Jua lilikuwa linaingia dirishani kwa mshazari, na mezani palikuwa na glasi ya maji niliyoisahau tangu mchana. Pembeni mwa glasi, juu ya meza, kulikuwa na kitu kama moto mweupe: nyuzi za mwanga zilizosokotana, zinatikisika kila nilipoigusa meza. Maji na ule mviringo wa glasi vilikuwa vimeupinda mwanga wa jua na kuukusanya mahali pamoja. Nilikuwa nimeketi kwenye meza ile miaka mingapi, sijawahi kuliona jambo hilo.

Nikachukua simu. Picha ya kwanza flashi ikawaka yenyewe na kufuta kila kitu. Flashi ya simu imekaa ubavuni mwa lenzi, kwa hiyo hukimulika kitu usoni moja kwa moja na kuvificha vivuli nyuma yake. Nikaizima. Ya pili ikatoka na umanjano upande mmoja na ubuluu upande wa pili, kwa kuwa taa ya dari ilikuwa imewashwa, na mwanga wa balbu hauna rangi moja na mwanga wa dirishani. Nikaizima na taa. Ya tatu niligusa skrini pale penye mwanga mkali, nikashikilia kidole mpaka fokasi, yaani pale simu inapokaza picha iwe kali, ikajifunga, kisha nikateremsha mwangaza taratibu. Meza ikazama gizani. Zile nyuzi zikabaki peke yake, zinawaka. Nilikaa sakafuni na ile simu mkononi, nikalia tena, safari hii kwa sababu nyingine.

Hapa naomba uniskilize vizuri, maana ndilo jambo lenyewe. Mtu ukimweka mbele ya kamera anapepesa macho, anachoka, anaona aibu, anauliza kama umemaliza. Picha ikiharibika hujui kama kosa ni lako, lake au la jua lililoingia mawinguni. Uma haupepesi. Ukisogeza karatasi nyeupe upande wa kulia na picha ikabadilika, ni ile karatasi iliyoibadilisha, basi. Vyombo vya nyumbani vilinifundisha kwa miezi michache yale ambayo studio haikunifundisha kwa miaka miwili, kwa sababu vilikaa kimya na kunisubiri nikosee mpaka nijue ninakosea wapi.

Nikachagua uma mmoja. Niliupiga kila siku kwa siku 40, juu ya karatasi nyeupe, kando ya dirisha lilelile. Wiki ya kwanza niliupiga kama picha ya kuuzia vyombo, kutoka juu, umenyooka, hauna uhai. Siku ya tisa niliuegemeza kwenye ukingo wa sahani, nikaiteremsha simu mpaka ikalingana na meza, na kivuli cha meno yake kikarefuka kuliko uma wenyewe. Siku ya kumi na mbili nilifunga pazia jepesi, kivuli kikawa laini kama kimechorwa kwa masizi. Nikalifungua, kikarudi kuwa kikali. Chanzo cha mwanga kikiwa kipana kuliko kitu, kingo za kivuli huyeyuka. Kikiwa kidogo, kama jua tupu au tochi, kingo hukatika kama kwa wembe. Usiku nilitumia taa ya mezani. Nilipoitoa sentimita 30 na kuipeleka 60 nilitegemea mwanga upungue nusu. Ulibaki robo tu. Ndivyo mwanga unavyofanya: umbali ukizidi mara mbili, mwanga unagawanyika kwa nne. Niliwahi kuambiwa hivyo studio nikiwa nimebeba taa, sikuelewa. Niliuelewa kwa uma.

Baada ya hizo siku 40 ndipo nilipokutana na picha ya mpiga picha André Kertész, aliyoipiga mwaka 1928: uma umelala kwenye ukingo wa sahani, na kivuli chake. Hakuna kingine. Kwanza nilisononeka, kama mtu aliyekuta shamba lake limeshalimwa. Halafu nikafurahi sana. Miaka miwili baada yake, mwaka 1930, mpiga picha wa Marekani Edward Weston aliliweka pilipili hoho ndani ya faneli ya bati, mwanga ukalizunguka kutoka pande zote, na ukiitazama ile picha unaona misuli ya mgongo wa mtu. Aliipa namba 30, kwa maana alikuwa ameshapiga hoho nyingi kabla ya kulipata lile. Kwa hiyo ukipiga kijiko mara 10 ukakata tamaa, ujue bado hujaanza.

Miezi iliyofuata siisimulii, ilikuwa ya kurudia na kufuta. Nitakupa mawili tu yaliyonilipa.

La kwanza ni mafuta na maji. Chukua bakuli la kioo lenye kitako bapa, tia maji kiasi, ulipandishe juu ya vitu viwili imara vilivyolingana, kama sentimita 15 au 20 kutoka mezani. Chini yake tandaza karatasi au kitambaa chenye rangi kali, na ukimulike hicho kitambaa kwa taa ya pembeni. Dondosha mafuta ya kupikia juu ya maji, kisha tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, ukoroge kwa ncha ya kijiti. Mafuta yataelea na kujigawa kuwa miduara mikubwa na midogo, na kila duara litafanya kazi ya lenzi, linabeba rangi za chini na kuzipinda. Funga fokasi kwenye mafuta. Karatasi ikiwa mbali kiasi hicho, rangi zake zitayeyuka, na atakayeiona picha atadhani ni sayari. Nasema vitu imara kwa sababu mimi nilitumia glasi mbili nyembamba, bakuli likateleza, maji yakaingia kwenye simu, nikakaa siku tatu bila simu. Usifanye hivyo. Na kabla ya kupiga futa lenzi. Alama ya kidole tu inatosha kuipa picha ukungu.

La pili bado linanishangaza. Fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye kompyuta yenye skrini ya LCD, ile bapa ya kawaida, uongeze mwangaza mpaka mwisho. Tafuta miwani ya jua ya polaraizi, ile inayokata mng'ao wa maji, uiweke mbele ya lenzi ya simu na kuizungusha taratibu mpaka skrini igeuke nyeusi. Mwanga wa skrini hizo hutoka ukitetemeka upande mmoja, na miwani ikikaa kinyume huuzuia. Sasa weka rula ya plastiki angavu, au kijiko cha plastiki, katikati ya skrini na miwani. Plastiki inajaa rangi, waridi, kijani, bluu, zimejipanga kama mistari ya ramani. Ni mkazo uliobaki ndani ya plastiki tangu ilipopoa kwenye kalibu kiwandani, na pale kwenye mshiko au kona ndipo rangi zinaposongamana zaidi. Kijiko cha kutupa! Nilipiga picha 200 usiku ule.

Sasa nizungumze nawe bila kuficha, wewe unayeweka akiba ya lenzi mpya. Weka, sikukatazi, hata mimi nina kamera sasa na naipenda. Lakini kama hujui dirisha lako linaingiza jua saa ngapi, lenzi hiyo itakuja kupiga picha zilezile mbovu, ila kwa uwazi zaidi. Unatumia saa mbili kwa siku kupitisha picha za watu kwa kidole gumba. Toa nusu saa. Usipokee simu za marafiki, zima taa ya dari, zima flashi, kaa na kitu kimoja. Usiongeze cha pili mpaka cha kwanza kimekuchosha, na kikikuchosha kaa nacho siku moja tena. Acha kusema huna mahali pa kwenda. Mpiga picha Josef Sudek alipoteza mkono wa kulia kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akabeba kamera zake nzito kwa mkono uliobaki, na tangu mwaka 1940 mpaka 1954 alikuwa anapiga dirisha la studio yake mjini Prague: ukungu wa kioo, matone, mti wa nje, glasi ya maji kizingitini. Miaka 14, dirisha moja, na mwanzoni nje mji ulikuwa chini ya jeshi la kigeni. Mimi na wewe tunalalamika kwamba chumba ni kidogo.

Na aliyekwambia huna jicho, usimjibu. Nilitunga majibu mengi ya kumpa yule mkuu wangu, mazuri sana, nikiwa naosha vyombo. Sikuwahi kumtumia hata moja. Nilipopata mwaliko wa maonyesho nilifikiria kumpelekea kadi, nikaiandika hadi jina lake, kisha nikaichana. Nafasi yake nilimpa jirani yangu, ambaye uma ule ni wa kwake, aliniazima siku nyingi akasahau.

Dada yangu mwenye mtoto mchanga, kwako naongeza hili. Mtoto akilala, usikimbilie kupanga meza nzuri. Chukua chujio la jikoni, lishike kati ya dirisha na ukuta saa ambayo jua limeshuka, ulisogeze karibu na ukuta halafu mbali, utazame vile vitundu vinavyogeuka. Jua likiwa kali na chujio likiwa mbali vya kutosha, kila kitundu kinaacha kuwa na umbo lake, kinakuwa kiduara cha mwanga. Kile kiduara ni picha ya jua lenyewe. Kipige, unitumie.

Mimi kwa sasa nina yai. Yai jeupe juu ya karatasi nyeupe, mbele ya ukuta mweupe, na nataka lionekane mviringo wake wote bila kutumia rangi nyingine yoyote. Leo ni siku ya 11. Jana niliweka kadibodi nyeusi upande wa kushoto, nje kidogo ya picha, na kwa mara ya kwanza ubavu wa yai ulijitenga na karatasi kwa mstari mwembamba wa kijivu. Upande wa juu bado unapotea. Nadhani kadibodi iwe ndefu zaidi, au niisubiri saa tatu asubuhi, pazia likiwa limefungwa nusu.