Weka tofauti tu: kupanga faili za usanidi wa tovuti tuli

Nikikabidhiwa tovuti tuli (yaani kurasa zake hutengenezwa tayari kabla ya kupandishwa) iliyojengwa na mtu mwingine, kitu cha kwanza ninachofungua ni faili za usanidi, zinazobeba mipangilio yake. Mara nyingi nakuta hali ileile: faili moja ya kompyuta ya mtengenezaji, moja ya majaribio, moja ya tovuti halisi. Zote ndefu, zote zinafanana isipokuwa mistari mitano au sita. Mtu alibadilisha menyu kwenye moja, nyingine mbili zikabaki na menyu ya zamani. Ukiuliza ipi ndiyo sahihi, hupati jibu.

Mimi hutaka yanayofanana yakae mahali pamoja, na kila mazingira, yaani ya mtengenezaji, ya majaribio au ya tovuti halisi, yabebe tofauti zake peke yake. Faili ya majaribio ikianza kurefuka, naitilia shaka.

Hugo, programu ya kujenga tovuti tuli, imeshalitayarisha jambo hili. Folda ya `config/_default/` ndiyo msingi, na yaliyomo katika `config/staging/` (majaribio) au `config/production/` (tovuti halisi) yanawekwa juu yake. Kwenye `production/` mimi huweka `baseURL` (anwani ya tovuti) na kitambulisho cha huduma ya takwimu, basi. Rasimu zionekane wapi? `buildDrafts = true` inakaa kwenye `development/` (ya mtengenezaji), si kwenye msingi.

Kinachowachanganya wengi ni nani anayechagua mazingira. `hugo server` huchukua `development`, na `hugo` peke yake huchukua `production`. Kwa hiyo ukijenga toleo la majaribio bila kusema lolote, unapata usanidi wa tovuti halisi. Jekyll, programu nyingine ya aina hiyo, iko kinyume: `JEKYLL_ENV` isipowekwa, hata `jekyll build` inahesabu kwamba uko `development`. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine akiwa na mazoea ya zamani ataumia. Dawa ni kutotegemea chaguo-msingi kabisa; andika `hugo -e staging` au `JEKYLL_ENV=production` ndani ya skripti ya kujenga, hata pale unapodhani si lazima.

Kwa Jekyll unaweza kupanga faili kwa mkupuo: `--config _config.yml,_config_staging.yml`, ya mwisho ndiyo inayoshinda. Lakini orodha haziunganishwi. Ukiandika `plugins` kwenye faili ya pili ukitaja programu-jalizi moja tu, zile za faili ya kwanza zimeondoka. Na ukihariri `_config.yml` huku `jekyll serve` inaendelea, usishangae kutoona badiliko; izime uiwashe upya.

Sasa violezo, faili zinazotoa umbo la kurasa, maana huko ndiko usanidi mzuri unakoharibiwa. Kuna anayeandika sharti hivi: kama si `development`, weka msimbo wa kuhesabu wageni. Sharti hilo linafanya kazi mpaka siku mazingira ya tatu yatakapozaliwa. Toleo la majaribio nalo si `development`, kwa hiyo kila mkaguzi anayelifungua anahesabiwa kuwa mgeni. Geuza sharti: kama ni `production`, weka. Hugo ina `hugo.IsProduction` kwa kazi hiyo, na Jekyll ina `jekyll.environment`. Mazingira mapya yatakayoongezwa baadaye yataanza yakiwa kimya, na ndivyo inavyotakiwa. Zaidi ya hapo, napendelea kiolezo kisijue jina la mazingira hata kidogo: kiulize swichi iliyo kwenye `params` (sehemu ya usanidi ya thamani zako mwenyewe), na faili za usanidi ziamue.

Siri ni suala jingine. Wapo wanaotoa ufunguo wa API (siri ya kuingilia huduma nyingine) kwenye faili, wakauhamishia kwenye kigezo cha mazingira (thamani inayowekwa kwenye mfumo, nje ya faili), kisha wakalala usingizi. Ikiwa kiolezo kinauchapa ndani ya HTML au JavaScript, kila anayefungua chanzo cha ukurasa anausoma. Tovuti tuli haina seva ya nyuma ya kuuficha. Kigezo cha mazingira kinafaa kwa ufunguo unaotumika wakati wa kujenga tu, kama wa kuvuta data.

Toleo la majaribio nalilinda kwa nenosiri. Kuzuia kwa `robots.txt`, faili inayoziambia injini za utafutaji zisiingie wapi, pekee hakutoshi, maana anwani inaweza bado kuorodheshwa ikiwa kuna viungo vinavyoielekea. Na ukizuia humo huku umeweka `noindex` (agizo la kutoorodhesha ukurasa) kwenye kurasa, Google haitaifikia hiyo `noindex` kuisoma.

Kabla ya kupandisha, naendesha `hugo config -e production` nione usanidi ulivyoungana, badala ya kuukisia kichwani. Kila mazingira nayajengea folda yake, kwa kuwa Hugo haifuti yenyewe kila faili la zamani lililobaki kwenye `public/`. Halafu natafuta neno `localhost` (anwani ya kompyuta yako mwenyewe) na anwani ya majaribio ndani ya matokeo ya tovuti halisi kwa `grep -r`. Likionekana hata mara moja, skripti inasimama na hakuna kinachopandishwa.