Kiwanja cha Kange kisiuzwe

Ndugu zangu, kiwanja cha mjomba cha Kange, hapo Tanga, kisiuzwe. Naanza na hilo kwa sababu najua baadhi yenu mtasoma mistari michache kisha mumpigie dalali. Binamu ameniandikia kwamba mjomba yuko tayari kuuza, hela ikipatikana yeye binamu na mkewe waje Uispania wanunue jimu kama yangu, "maana huko ukinunua biashara unapewa makaratasi, na wazungu wanalipa hata wasipokuja mazoezini." Maneno hayo kayapata kwa watu, na watu wameyapata kwenye ile picha nimesimama katikati ya mashine. Picha ni ya kweli. Jimu ni yangu kweli, iko Salou, mji wa pwani huku Tarragona, saa moja na kidogo kwa treni kutoka Barcelona. Mengine niacheni niyaeleze mwenyewe. Nimechoka kusikia maisha yangu yakisimuliwa na watu ambao hawajawahi kuniuliza.

Mambo ya baridi siyasemi, mshayasikia. Kubeba boksi nako mnakujua, na wengi wenu mnajua kwamba kabla ya jimu nilitandika vitanda vya hoteli katika mji huu huu. Nitagusa makaratasi kwa ufupi, kwa kuwa uongo wake unaweza kumfilisi mjomba, kisha nifike kwenye pesa. Huko ndiko kunakouma.

Ilikuwepo visa ya wawekezaji. Ilikuwa ya mtu anayenunua nyumba ya kuanzia euro 500,000, na yenyewe imefutwa tarehe 3 Aprili 2025. Jimu ndogo haikuwahi kumpa mtu visa hiyo. Anayetaka kuja kuendesha biashara yake anaomba kibali cha kazi ya kujitegemea kwenye ubalozi wa Uispania Dar es Salaam kabla hajasafiri, akiwa na mpango wa biashara, vyeti, na ushahidi kwamba mtaji upo na biashara itamlisha. Cha kwanza kinatolewa kwa mwaka mmoja. Ukija na visa ya utalii una siku 90 ndani ya kila siku 180, na katika siku hizo huruhusiwi hata kusimama kaunta. Kuna watu wanaonyesha karatasi ya NIE wakisema wamepata ukaazi. NIE ni namba tu ya mgeni, hata asiyeishi huku anapewa akiwa na shughuli ya kununua kitu. Mimi nilipita njia ya arraigo: unakaa huku bila karatasi mpaka miaka inayotakiwa itimie, ndipo unaomba. Zamani ilikuwa mitatu, tangu Mei 2025 ni miwili. Kwa anayesikiliza ni michache. Katika miaka yangu hiyo baba alizikwa nikiwa kwenye simu, kwa sababu nikitoka nisingeweza kurudi. Msiniambie kwamba miwili ni michache.

Sasa kununua kwenyewe. Mkisikia mtu kanunua jimu huku, mara nyingi hajanunua jengo. Amelipa kilemba, kama cha fremu za Kariakoo. Huku wanakiita traspaso. Unamlipa aliyekuwepo akuachie fremu, mashine na wateja, halafu kodi ya pango unaendelea kumlipa mwenye nyumba. Baada ya korona jimu za kuuzwa zilikuwa nyingi. Tarehe 14 Machi 2020 serikali ilitangaza hali ya tahadhari, jimu zikafungwa nchi nzima, na wengi waliofungua tena walifungua wakiwa na madeni. Aliyeniuzia alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana bei ilishikika, na ndiyo maana mwanasheria wangu alinikataza kusaini mpaka zije karatasi mbili, moja ya mamlaka ya kodi na moja ya hifadhi ya jamii, zinazoonyesha muuzaji anadaiwa nini. Kwa sheria ya huku, anayechukua biashara anaweza kubebeshwa madeni ya kodi ya biashara hiyo. Wafanyakazi unawarithi pamoja na miaka yao yote ya kazi, na kama bosi wa zamani aliwadhulumu mishahara, mnadaiwa wote wawili kwa miaka mitatu. Mkataba usiposema vinginevyo, mwenye nyumba ana haki ya kupandisha kodi kwa asilimia 20 pango likihamia kwako. Kisha kuna wale wanachama waliolipia mwaka mzima kabla hujafika: hela kaondoka nayo muuzaji, kuwahudumia unabaki nako wewe. Omba orodha yao kabla hujataja bei. Omba na risiti za mashine, moja baada ya nyingine, kwa sababu zile mpya zinazong'aa, za kukimbilia hasa, huenda ni za kukodi.

Binamu, wewe ni kocha hodari, najua vijana wa Chumbageni uliowatengeneza. Katalunya, jimbo ambalo Salou imo, ina sheria yake ya mwaka 2008: anayefundisha mazoezi lazima awe amesajiliwa kwenye daftari la serikali kwa vyeti vinavyotambulika huku. Miaka yako ya kupiga vyuma hawana pa kuiandika. Utarudi darasani na umri huo, na darasa ni la Kihispania au Kikatalani. Barua za manispaa ndiyo kabisa, zinakuja kwa Kikatalani, hata ukijua Kihispania vizuri.

Haya, pesa.

Mji huu unaishi kwa msimu. Pasaka unaamka, Juni mpaka Septemba umefurika, ikifika Novemba hoteli nyingi zimefunga na barabara ya ufukweni haina mtu. Mnadhani wateja wangu ni watalii. Mtalii analipia siku moja au wiki, Julai na Agosti, na hoteli nyingi zina chumba chao cha mazoezi bure. Wanaoishikilia jimu hii ni wahudumu, wapishi, wanawake wa vyumbani, watu wa kazi niliyokuwa naifanya. Kiangazi wanatoka kazini hoi, hawana nguvu ya kuinua chochote. Msimu wa baridi wana muda, lakini mikataba yao imelala mpaka hoteli zifunguliwe, wanaishi kwa mafao ya kukosa kazi, na kitu cha kwanza mtu anachokata katika bajeti yake ni jimu.

Na hili la wazungu kulipa hata wasipokuja. Ada inakatwa benki yenyewe kila mwezi, ni kweli. Ila mteja ana wiki nane za kuiambia benki yake irudishe hela aliyokatwa, bila kutoa sababu. Oktoba mhudumu anamaliza mkataba, anarudi kwao, anaamuru irudishwe ada ya Septemba. Inatoka kwenye akaunti yangu, na benki inanitoza gharama ya kurudisha juu yake. Alifanya mazoezi, alioga maji yangu ya moto. Nimfuate wapi?

Katika euro 40 anazolipa mteja, karibu 7 si zangu. VAT ya huku ni asilimia 21. Mfanyakazi nimempata mmoja, mtoto mzuri, na kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa euro 1,184, kinacholipwa mara 14 kwa mwaka. Mara ya ziada moja inaangukia Desemba, mwezi ambao jimu haina watu. Juu ya mshahara naongeza mchango wake wa hifadhi ya jamii, karibu theluthi nyingine. Wangu binafsi ulikuwa kama euro 80 kwa mwezi mwaka wa kwanza, hiyo ni nafuu wanayopewa wanaoanza. Baada ya hapo unapimwa kwa kipato: mwaka 2025 daraja la chini lilikuwa 200, la juu 590. Unalipa hata mwezi ambao hukuingiza kitu. Umeme, bima, mikanda ya mashine za kukimbilia, kutu ya chumvi ya bahari inayokula kila skrubu, mpira mzito wa sakafuni ili bibi wa ghorofa ya kwanza asiite manispaa kila mtu akiachia chuma. Napiga deki mwenyewe asubuhi kabla ya kufungua, na kuna wauza vifaa wanaoingia wakanikuta na fagio wakaniuliza mwenye jimu yuko wapi. Nawajibu, tunaendelea. Sina uchungu nalo kama nilio nao kwa hili linalofuata.

Agosti natuma vizuri. Nyumbani kiasi cha Agosti kinahesabiwa kuwa ndio mshahara wangu. Watu wanapanga juu yake: mmoja anaanza msingi, mwingine anamhamisha mtoto shule ya bei, mwingine anaingia mkopo wa kausha damu akitegemea kwamba dada wa Uispania yupo. Novemba nikituma robo yake, nasikia nimebadilika, nimesahau nilikotoka, nimerogwa na raha. Ikifika Januari ada za shule zinakuja kwenye simu moja baada ya nyingine. Tarehe 30 ya mwezi huo huo ndiyo mwisho wa kulipa VAT ya miezi mitatu iliyopita, na pesa hiyo ninayo. Iko kwenye akaunti, naiona. Ni ya serikali, nikiigusa watakuja na faini na riba, na ikiendelea hivyo jimu imekwenda na ada za miaka yote ijayo zimekwenda nayo. Siigusi. Mtoto wa dada yangu anarudishwa nyumbani kwa ada, na mimi nina hela benki nisiyoweza kumpa. Mkiniuliza maisha ya huku yakoje, ni hapo. Mtu anayekaa na hali hiyo kila Januari hawezi kumwambia mjomba auze kiwanja ili binamu aje ajipatie yake.

Najua mtasema nafunga mlango nyuma yangu. Sifungi. Nimetandika vitanda huku mgongo ukitoa mlio, msimamizi akinisimamia mlangoni na saa mkononi, na leo hakuna anayenisimamia. Wanawake wanaokuja saa nne asubuhi, wengine ni wazee wa huku huku, wananiita kwa jina langu, na mmoja wao aliyekuja hawezi kuinua mkono juu ya bega sasa anajifungia nywele mwenyewe. Siibadilishi kazi hii kwa nyingine. Mwenye miaka ishirini na kitu, asiye na mtoto, anayeweza kujifunza lugha, namwambia aje, tena haraka, kwa njia ya halali, shule au mkataba wa kazi. Mwenye familia na kiwanja, abaki. Lakini binamu una familia, kiwanja cha mjomba kipo, na nakujua ukishaamua huambiliki, basi ukija usinunue chochote mwaka wa kwanza. Fanya kazi kwenye jimu ya mtu, ikiwezekana Novemba mpaka Machi, uone mji ukiwa umelala. Kila muuzaji anataka uje kuiona jimu yake Julai. Nenda Februari, Jumanne jioni, uhesabu vichwa. Usiongozane na Mtanzania anayejua mtu anayejua mtu. Hata mimi msinitumie kama dalali, kilemba cha ndugu sikishiki mkononi. Na ukikwama, saa yoyote, nyumba yangu ina chumba na hutalala nje nikiwepo.

Kuliko Salou, ningekuwa wewe ningeifungua Tanga. Unajua wateja, unajua fundi wa kuchomelea benchi, hakuna atakayekuuliza karatasi ya ukaazi, na kiwanja kinabaki cha mjomba. Nina mashine mbili za kuvuta nitakazozibadilisha mwishoni mwa mwaka, bado nzima. Tukipata kontena la kuchangia na watu wengine nitakutumia, usafiri tutagawana, ushuru wa bandarini ni wako.

Kwa nyumbani nimeamua hivi. Kuanzia mwezi huu natuma kiasi kimoja kila mwezi, kidogo, Agosti na Januari sawasawa, kwa simu ya mama. Ada natenga Agosti na nalipa moja kwa moja shuleni kabla ya Desemba, za watoto wa dada na wa marehemu kaka tu. Wengine mnisamehe. Msingi wowote ulioanzwa kwa kunihesabia mimi usimame mpaka mwenyewe apate. Waliokopa kausha damu kwa jina langu waniandikie kila mmoja peke yake, waseme kiasi na riba, tuone cha kufanya. Sitajibu kwenye kundi la familia.

Binamu, nipigie Jumapili kuanzia saa tisa alasiri ya huku, jimu inakuwa imefungwa. Shemeji awe karibu na simu. Barua yako yote haisemi kama yeye anataka kuja, na nataka nimsikie kabla yako.