Kindle ya zamani: duka limefungwa, kusoma kunaendelea

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroni, za miaka ya 2010 hadi 2012. Nayapenda, maana mimi mwenyewe kila usiku nasomea Kindle Keyboard ya 2010, ambayo herufi za vibonye vyake zimeanza kufutika.

Shemeji aliniletea Kindle Keyboard kutoka Uingereza. Duka la vitabu halifunguki. Ndiyo imekufa?

Haijafa, ndugu yangu. Agosti 2022 Amazon waliliondoa duka kwenye aina kadhaa za zamani, na hiyo yako imo. Vitabu sasa utavipitishia kwenye waya. Weka Calibre kwenye kompyuta. Ni programu ya bure. Kindle hizi hazisomi EPUB, muundo wa faili wa vitabu vingi vya kielektroni, kwa hiyo geuza kitabu kiwe MOBI, muundo ambao Kindle inausoma, kisha kipeleke kwenye folda ya Kindle iitwayo documents. Ukimaliza, bonyeza Eject kwenye kompyuta kwanza ndipo uchomoe waya, la sivyo faili linaweza kukatikia njiani na kitabu kisifunguke. Kwa kuanzia, tovuti ya Project Gutenberg ina maelfu ya vitabu vya bure. Ila vile vilivyofungwa kwa kufuli la muuzaji, Calibre haitavigeuza.

Nikichomeka inachaji, lakini kompyuta haioni kitu.

Shuku waya kabla ya kitu kingine. Waya nyingi za bei rahisi zimewekwa nyuzi za umeme tu, za data hazimo. Nilimaliza Jumamosi nzima nikihamia kompyuta moja hadi nyingine, kumbe nilishika waya uliokuja na tochi! Tumia ule uliowahi kuhamishia picha za simu.

Haikamati Wi-Fi ya nyumbani, simu zote zinakamata.

Kindle za umri huo zinajua masafa ya GHz 2.4 pekee. Rauta ikirusha GHz 5 tu, haziioni kabisa. Badilisha kwenye mipangilio ya rauta.

Fundi anasema aifute yote irudi kama ilivyotoka kiwandani, itakuwa nyepesi. Nimruhusu?

Hapana, mama, tafadhali. Hili linaniuma kwa sababu nimeona Kindle nzima ikiharibikiwa hivyo. Kufuta huondoa vitabu vyote pamoja na usajili wa akaunti yako, na kifaa chenye programu ya zamani kinaweza kushindwa kujisajili tena. Uzito huo mara nyingi una sababu ndogo: ukiingiza vitabu 200 kwa mkupuo, Kindle hukaa ikiorodhesha maneno yake yote, huku betri ikishuka. Ingiza vichache, uiache kwenye chaji usiku kucha. Ikibaki nzito, izime na kuiwasha upya. Na kabla fundi yeyote hajaigusa, nakili folda ya documents kwenye kompyuta.

Picha imeganda siku tatu, haibadiliki.

Pengine betri imeisha tu. Kioo cha wino wa kielektroni hakihitaji umeme kushikilia picha, hivyo Kindle iliyoishiwa chaji huonekana kama imelala. Ichaji saa kadhaa, kisha shikilia swichi ya kuwashia sekunde 20. Aina nyingine hutaka hadi 40. Lakini ukiona nusu ya kioo ina mistari isiyoondoka, kimepasuka kwa ndani. Na betri ikivimba hadi kifuniko cha nyuma kuinuka, usiichaji tena, ibadilishwe kwanza.