Kutafuta ngano ndani ya mtumba: ushauri kwa wabunifu wa mavazi wanaoanza Moshi na Arusha

Kijana anayeanza ubunifu wa mavazi akitakiwa kubuni vazi lenye asili ya ngano, mara nyingi hukimbilia picha: atachora mlima kifuani, ataweka simba mgongoni, au atashona gauni jeupe pana na kuliita la binti mfalme. Kazi ya namna hiyo huuzika, wala siidharau, lakini mteja huizoea upesi. Ushauri wangu ni kuanza na tendo. Katika kila hadithi kuna mtu anayeomba, anayevuka, anayejificha au anayevunja. Ukilipata tendo hilo moja na kulitafutia mahali pake katika mshono, vazi litasimulia hata kama halina mchoro wowote.

Mfano ninaowapa wanagenzi ni wa Mariano Fortuny, Mhispania aliyefanya kazi Venice, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alibuni gauni la hariri aliloliita Delphos. Jina na umbo lake vilitokana na sanamu ya shaba ya mwendesha gari la farasi iliyofukuliwa Delphi, Ugiriki, mwaka 1896. Fortuny hakuchora miungu wala farasi. Alichukua mikunjo ya vazi la yule mwendesha gari, inayoshuka wima hadi miguuni, akaigeuza kuwa marinda membamba mno, kisha akapachika pembeni shanga za kioo cha Murano, ambazo zilipamba na wakati huohuo zikakivuta kitambaa chini kwa uzito wake. Jambo la kujifunza hasa ni hizo shanga: pambo lililopewa kazi ya kufanya.

Baada ya hapo shuka sokoni, iwe Memorial au Kiboroloni kwa walio Moshi, au Kilombero na Tengeru kwa walio Arusha. Nenda asubuhi belo linapofunguliwa ikiwa una fedha. Ikiwa huna, nenda jioni, maana bei huwa imeshuka na kilichobaki ni kile ambacho wengine hawakukielewa. Igeuze nguo uitazame ndani kabla ya kuvutiwa na nje yake. Zipu ya chuma iliyowekwa ubavuni mwa gauni mara nyingi ni dalili ya miaka ya 1940 au 1950. Lebo inayotaja Ujerumani Magharibi ni ya kabla ya Oktoba 1990, na inayotaja Chekoslovakia ni ya kabla ya 1993. Nguo ya kike ya Marekani yenye alama ya chama cha wafanyakazi cha ILGWU ilishonwa kabla ya chama hicho kuungana na kingine mwaka 1995. Nchi ambazo hazipo tena kwenye ramani bado zimeandikwa ndani ya kola za makoti yanayovaliwa Ngaramtoni katika baridi ya Julai, na kwangu mimi huo ni mwanzo mzuri wa hadithi kuliko michoro mingi ninayoletewa.

Umri wa nguo una maana kwa sababu kila kipindi kina tendo lake. Sketi pana yenye kiuno kilichobanwa, aliyoizindua Christian Dior mjini Paris mnamo Februari 1947, ilitokea wakati Uingereza ingali na mgao wa nguo, ulioanza 1941 na kumalizika 1949. Kitambaa kingi kiasi kile kilikuwa shibe baada ya njaa, na ngano nyingi za dunia zimejengwa juu ya shibe ya namna hiyo. Ukikutana na sketi ya mtindo huo usiipunguze upana ili iendane na leo, kwa kuwa utakuwa umeiondolea kile inachokisema.

Kwa ngano za hapa nyumbani, sikilizeni kabla ya kuchora. Wachagga husimulia kuhusu vilele viwili vya Kilimanjaro, kwamba Mawenzi alikuwa akienda kwa Kibo kuomba moto, akidai wake umezimika, mpaka Kibo akachoka na kumpiga kwa mchi; ndiyo maana Mawenzi, chenye mita 5,149, kimechongoka na kumegekamegeka, ilhali Kibo, chenye mita 5,895, kimetulia. Wazee hawaisimulii kwa namna moja, kwa hiyo muulize bibi au babu yako mwenyewe na uandike alivyosema. Sasa chukua koti la sufu la kijivu lililochanika. Badala ya kuuficha mchano, uache ukingo wake uonekane na uushonee kwa uzi mzito, kisha weka ndani ya mikono bitana yenye rangi ya kaa la moto, ambayo itaonekana pale tu mvaaji atakaponyoosha mkono kuomba.

Wamaasai nao husimulia kwamba Enkai, yaani Mungu, aliwashusha ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi, nao ukanda mmoja unaoshuka kutoka begani hadi pindoni unatosha kulibeba simulizi hilo. Lava ya Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, hupoa ikiwa nyeusi au ya kahawia, kisha hugeuka nyeupe inapokutana na unyevu. Pamba nyeusi iliyochovywa kwenye jiki kuanzia pindoni hukaribia mabadiliko hayo, ingawa mara nyingi hupitia rangi ya kutu kwanza. Poliesta haikubali, basi jaribu kwenye kipande kidogo.

Wateja wengi watakuja kutafuta gauni la sendofu, na watamtaja Cinderella. Katika maandishi ya Charles Perrault ya mwaka 1697, uzito wa hadithi hiyo uko kwenye saa sita ya usiku na kwenye kiatu cha kioo, wala si kwenye ukubwa wa sketi. Mshonee basi bibi harusi gauni jembamba, na juu yake sketi ya pazia la lesi la mtumba inayofungwa kwa vifungo kiunoni, aivue muda wa kucheza ukifika. Mama mzazi atalalamika kwamba gauni limekuwa dogo. Mwombe asubiri aone linavyobadilika.

Maisha ya kila siku nayo yana miungu isiyotambuliwa. Dereva wa bodaboda aliyevaa raba za Nike amevaa jina la mungu wa kike wa ushindi wa Wagiriki, mwenye mabawa, jina ambalo kampuni hiyo ilianza kulitumia 1971. Shati lenye kichwa cha Medusa, liwe la Versace kweli au la bandia, lina kiumbe ambaye aliyemtazama aligeuka jiwe, na ambaye Perseus, shujaa wa ngano za Kigiriki, alimwendea akiitazama taswira yake tu kwenye ngao iliyong'aa. Hapo tendo ni kutazama kwa njia ya kuzunguka, na linafaa pambo la mgongoni, ambalo mvaaji hulijua kupitia macho ya wenzake. Kanga haihitaji hata kubuniwa: jina lake ni usemi tayari, hivyo unapoikata, usikate katikati ya maneno.

Kuhusu shanga nina msimamo mkali. Waulizeni akina mama wanaozitunga kila rangi ina maana gani kwao, na msimwandikie mtalii maana mliyoitunga wenyewe.

Mwisho ni bei. Kufumua mshono wa zamani bila kuchana kitambaa huchukua muda kuliko kushona upya, na muda huo lazima uingie kwenye hesabu. Mteja akihoji kwa nini koti la mtumba limepanda kiasi hicho, lifungue umwoneshe bitana.