Maserati GranTurismo: injini haina neno, yanayokula pesa ni mengine

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza magari ya Kitaliano ya safari ndefu, na nyingi ni za Maserati GranTurismo, lile la kwanza la 2007 hadi 2019. Tumejibu zile zinazogusa wengi.

*Nimeona GranTurismo ya 2008 huko Uingereza, bei imeshuka mpaka inalingana na Prado iliyotumika. Kama ni gari adimu, mbona rahisi hivyo? Na je, naweza kulileta nyumbani? — Msomaji, Mombasa*

La pili kwanza, maana ni fupi: huwezi. Kenya haipokei gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na la 2008 lilishapitwa zamani. Utengenezaji wenyewe ulikoma Novemba 2019, kwa hiyo hata zile za mwisho mlango unakaribia kuzifungia. Ukigeukia minada ya Japani kutafuta hizo za mwisho, tazama picha ya usukani kabla ya kutazama kilomita. Wajapani wengi hununua magari ya Kitaliano yenye usukani wa kushoto kwa makusudi, na gari kama hilo Kenya halisajiliwi kwa matumizi ya kawaida.

Kuhusu uadimu, kiwanda cha Viale Ciro Menotti mjini Modena kilitoa GranTurismo 28,805 na GranCabrio za wazi 11,715. Toyota dunia nzima hutoa idadi hiyo kwa takriban siku mbili, lakini kwa gari la aina hii ni nyingi. Lilinganishe na Alfa Romeo 8C Competizione, lenye injini ya lita 4.7 ya ukoo uleule, lililounganishwa Modena hapohapo: yenye paa zilitoka 500 tu, na wenye nazo hawaziachii kwa bei ya Prado. Lakini idadi ndogo peke yake haitoshi. Ferrari 612 Scaglietti zilitoka kama 3,000 tu, na bado bei iliporomoka kwa sababu watu waliogopa gharama za injini yake ya silinda 12. Za gia za mkono, ambazo hazikufika 200, ndizo zilizopanda. GranTurismo halikuwahi kutoka na pedali tatu, kwa hiyo usinunue ukitarajia muujiza huo. Ni adimu barabarani kwenu, si adimu sokoni.

*Fundi wangu ananitisha kwamba injini hiyo ni ya Ferrari, na mkanda wa taimingi unabadilishwa kila baada ya miaka michache kwa bei ya kiwanja. Ni kweli? — Msomaji, Dar es Salaam*

Nusu kweli. Injini (F136) ilitengenezwa Maranello, kwa Ferrari, lakini inatumia cheni. Mkanda uko kwenye Maserati 3200 GT, Ferrari 456 na hiyo 612, na pengine ndizo fundi wako anazozikumbuka. Yenyewe ni injini ngumu. Ya lita 4.2 ina nguvu za farasi 405. Ya lita 4.7 ilianzia 440.

Udhaifu wake uko kwenye variata, kile kifaa cha mbele ya kemshafti kinachogeuza muda wa valvu kwa kusukumwa na oili. Za miaka ya mwanzo, gari likilala usiku kucha oili hushuka, na kipini kinachoifunga variata kikishalika, asubuhi utasikia mchakacho kama kokoto ndani ya kopo, sekunde moja au mbili, kisha kimya. Wengi hudhani ni cheni imelegea. Kelele ikiachwa inakua, na tiba yake ni kufungua kava ya mbele, kufunga kemshafti kwa vifaa maalumu zisihame, na kufunga variata mpya. Saa za kazi ndizo zinazouma kuliko spea.

Kwa hiyo unapokwenda kulitazama gari, mwambie muuzaji asiliwashe. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, mshukuru kwa chai na urudi kesho alfajiri.

*Assalaam aleikum. Hapa Muskati kuna GranTurismo S ya 2009 yenye MC Shift, bei nzuri, na muuzaji anasema klachi ni mpya. Nyingine ni ya otomatiki ya kawaida, bei juu kidogo. Nichukue ipi? — Msomaji, Oman*

Waalaikum salaam. Chukua ya otomatiki.

MC Shift si otomatiki. Ni giaboksi ya mkono, imefungwa nyuma pamoja na difu ili uzito ukae asilimia 47 mbele na 53 nyuma, halafu pampu ya haidroliki ndiyo inayokanyaga klachi na kusukuma gia badala yako. Kwenye barabara wazi ya kwenda Sur utaipenda mno. Tatizo ni mlima na foleni: kila unapotambaa taratibu, klachi inateleza. Kurudi nyuma kwa kupanda, kama kutoka kwenye maegesho ya chini ya jengo, ndiko kunakoimaliza haraka kuliko yote.

Neno "klachi mpya" lisikutoshe. Kompyuta ya gari huhifadhi kiwango cha kulika kwa klachi. Taka kisomwe mbele yako kwa mashine inayoelewa Maserati, na uulize kama baada ya kufunga klachi kompyuta ilifundishwa upya mahali inaposhikia. Isipofundishwa, hata mpya itaungua.

Halafu sikiliza pampu. Fungua mlango wa dereva: utasikia mvumo wa sekunde chache, kisha unyamaze. Washa injini, acha gari limesimama bila kugusa gia, hesabu. Pampu ikirudi kuvuma kila baada ya sekunde chache, akyumuleta (inayohifadhi shinikizo la haidroliki) imepoteza gesi yake au kuna mahali panavuja. Ni kifaa cha ukubwa wa chungwa, si ghali sana kikilinganishwa na pampu, lakini ukikipuuza pampu inafanya kazi bila kupumzika mpaka inakufa pamoja na rilei yake.

Hilo la pili lina ZF 6HP26, gia sita, ndugu wa zile zilizomo kwenye Range Rover, Discovery 3 na BMW za miaka hiyo. Maana yake fundi anapatikana. Usikubali hadithi kwamba oili yake ni ya maisha. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8. Agiza LifeguardFluid 6 lita 7 (si oili yoyote ya otomatiki iliyopo dukani), sampu mpya ya plastiki (bakuli la oili chini ya giaboksi) ambayo filta imo ndani yake, na ile silivu ya plagi ya umeme yenye oringi, kwa sababu oili ikionekana ubavuni mwa giaboksi, mara nyingi imetokea hapo. Kujaza kunafanywa gari likiwa sawasawa, injini ikiwaka, gia zote zimeshapitishwa, na oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50, mpaka ianze kudondoka kwenye tundu la kujazia. Anayejaza injini ikiwa imezimwa amekuachia oili pungufu.

*Gari linagonga mbele kila nikivuka tuta, na nina matairi mazuri yasiyolika. Fundi anataka kubadilisha shokapu zote nne. — Msomaji, Nairobi*

Mzuie kwanza. Mlio mkavu wa "tok" kwenye tuta dogo mara nyingi ni mkono wa chini wa mbele: bushi zake au boljointi. Nyanyua tairi, lishike juu na chini, litikise. Kisha ingiza mtaimbo kwenye bushi uone kama raba imepasuka. Kutoka Maserati utauziwa mkono mzima, ila watengenezaji wengine huuza bushi na boljointi peke yake, zinapigwa kwa presi. Boliti za bushi zikazwe gari likiwa chini kwa uzito wake, si likining'inia kwenye lifti, la sivyo raba inakaa imejikunja na itachanika mapema.

Shokapu za Skyhook ni za umeme na ni ghali. Zibadilishe zikiwa zimelowa oili au zikitoa ujumbe kwenye dashibodi. Uingereza kuna karakana zinazozifungua na kuzikarabati kwa bei iliyo chini ya mpya.

Na hayo matairi "yasiyolika" yasome umri. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1417 ni wiki ya 14 ya 2017. Gari hili halitembei sana, hivyo raba hukauka kabla ya kulika. Kwenye rimu za 20 tafuta 245/35 mbele na 285/35 nyuma.

*Nikiliacha wiki tatu betri inakufa. — Msomaji, Birmingham*

Ni kawaida yake, kompyuta zake hazilali vizuri. Nunua chaja ndogo ya kulichomeka muda wote. Usilazimishe milango betri ikiwa imekufa: haina fremu, kioo kinatakiwa kishuke kidogo kwanza, na kisiposhuka kinakwangua raba ya paa.

*Vitufe vya dashibodi vinanata kama kashata. — Msomaji, Tanga*

Ni rangi laini iliyopakwa juu ya plastiki. Joto na unyevu wa pwani huiyeyusha. Kitoe kitufe, kifute kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi, ukikwangua kwa kijiti cha plastiki. Alkoholi itaondoa na alama zilizoandikwa, basi piga picha ya kila kitufe kabla hujaanza, na vile vyenye alama mpeleke mtu wa kupaka upya.