Kinoleo cha V: chungulia ndani kabla ya kulipa

Sisi tunaopikia watu wengi hapa Moshi, kisu kinachosuasua kinatuchelewesha kuliko kuni mbichi. Kumenya ndizi za mtori, kukatakata nyama ya machalari, kisha vitunguu vya kachumbari: yote yanataka makali. Ndiyo maana naumia nikiona mtu anatoka sokoni na kinoleo kitakachomla kisu chake.

Vinoleo vyenye umbo la V si ndugu wote. Ninachokitetea mimi ni kile chenye fito mbili za seramiki zilizochomekwa kwenye kitako, zimesimama zikiachana. Unashika kisu wima, makali chini, kama unayekata mkate, unakivuta kwako huku ukikishusha kutoka karibu na mpini hadi nchani. Ufito wa kulia, kisha wa kushoto. Uzuri wake ni kwamba mkono wa mtu yeyote unaweza kushika kisu wima. Ule mwinamo mgumu kuukadiria umeshawekwa na matundu ya kitako. Sharpmaker ya Spyderco, kampuni ya Marekani, ina matundu ya nyuzi 40 kwa jumla, yaani 20 kila upande, na mengine ya 30. Kisu cha jikoni cha kawaida kinatosheka na 40. Fito zake zina pembe tatu, na zile kona zinaingia hata kwenye meno ya kisu cha mkate.

Kile kingine ni cha plastiki, kina mpini na mwanya. Ndani ya mwanya kuna vipande viwili vya madini magumu vilivyopishana, na hivyo havinoi, vinakwangua. Washa tochi ya simu uchungulie: ukiona vipande vyenye kona kali vinavyong'aa kichuma, rudisha. Ukikitumia, mezani vitadondoka vinyuzi vya chuma vilivyojikunja, wakati seramiki inaacha vumbi jeusi tu juu ya ufito. Siku hiyo kisu kitakata nyanya vizuri sana, kwa sababu makali yamechanwachanwa yakawa kama meno ya msumeno. Baada ya muda mfupi kinarudi butu, unakwangua tena, na bapa linaliwa. Mwisho karibu na mpini panabonyea, makali hayagusi ubao pale, na kitunguu unachodhani umekikata kinabaki kimeshikana.

Wauzaji wengine watakuambia, "Mama, hiki nacho ni seramiki." Huenda ni kweli, maana vingine vina mwanya wa pili wenye vijiti vidogo vyeupe. Huo una nafuu, ila tumia huo peke yake, usiuguse ule wa kukwangua.

Sasa, fito za seramiki zinatunza makali, hazifufui kisu kilichokufa. Kama kinateleza juu ya ganda la nyanya, anza na kinoo cha kawaida au mpelekee fundi anayenoa kwa jiwe la baiskeli. Wa mashine ya umeme mwambie aende polepole. Makali yakigeuka bluu, moto umeshailainisha chuma na hayatadumu tena.

Seramiki haitaki mafuta wala maji wakati wa kunoa. Usikandamize, uzito wa kisu wenyewe unakaribia kutosha. Kama kinoleo chako kina jozi mbili za fito, anza na zile za rangi ya kahawia, zenye kukwaruza zaidi, malizia na nyeupe. Zikishakuwa nyeusi zinateleza tu; zisugue kwa maji na poda ya kusugulia sufuria, suuza, anika. Zikianguka kwenye sakafu ya saruji zinavunjika, kwa hiyo zirudishe kwenye kisanduku chake kila mara. Mkono unaoshikilia kitako uwe nyuma ya vile vyuma vya kukinga vidole. Kama kinoleo chako hakina, kishikilie kwa chini kabisa, na watoto wasogee.

Bei ikikushinda, nunua kinoo cha pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini, ujifunze taratibu. Hicho cha mwanya, hata ukipewa bure, kiache.